Usingizi wa tarakilishi si mzigo wa kutiwa mfukoni

Kuna shauri ambalo nimelisikia mara kadhaa kutoka kwa vijana wetu wanaotumia tarakilishi, kuanzia hapa Wamagana hadi Nyeri mjini. Shauri lenyewe ni hili: ikiwa diski ya kipakatalishi chako imejaa, litafute lile faili kubwa ambamo mashine huweka kazi zako inapolala, ulihamishie kwenye flashi, nawe utapata nafasi. Wanaolitoa shauri hilo wana nia njema, wala sina ugomvi nao. Hata hivyo, nia njema haizuii nyumba kuanguka iwapo nguzo yake imeng'olewa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba shauri hilo halitekelezeki katika mashine nyingi tulizo nazo. Kwamba pale linapotekelezeka lina madhara yasiyoonekana kwa haraka. Na kwamba chanzo chake ni upungufu wa maelezo katika lugha tunazozielewa, wala si upungufu wa akili.

Tusiwacheke vijana kabla ya kuzielewa taabu zao. Vipakatalishi vingi wanavyovimudu ni vya mtumba, vimekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Vingine ni vipya lakini vya bei nafuu, na diski zake ni za gigabaiti 32 au 64 tu. Mfumo endeshi wa Windows ukishakaa humo pamoja na masasisho yake, mwenye mashine hubaki na pa kupumulia padogo mno. Betri nazo aghalabu zimechoka. Ukichomoa waya wa umeme, mashine huzimika kabla hujamaliza sentensi uliyokuwa ukiiandika.

Umeme wenyewe una vituko vyake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, nchi nzima ikaingia gizani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena karibu kote nchini, na mwaka huo haukuisha kabla ya kulishuhudia mara mbili zaidi, Novemba na Desemba. Gitaru imo katika Mto Tana, nao Mto Tana hupokea maji ya Chania na Gura yanayoteremka kutoka Nyandarua na kupita katika pande hizi zetu za Nyeri. Maji yanayoizungusha mitambo hiyo hutoka kwetu, lakini taa zikizimika huzimika kwetu pia. Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake katika nyumba ya mamake huko Ihururu ana kila sababu ya kutaka mashine inayoweza kulala bila umeme na kuamka bila kupoteza neno.

Basi usingizi huo ni nini? Ili tuuelewe, tuchukue mfano wa darasa. Tarakilishi ina mahali pawili pa kuandikia. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo ni kama ubao wa mwalimu: huandikwa upesi, hufutwa upesi, na kazi yote inayoendelea hufanyiwa hapo. Pa pili ni diski, ambayo ni kama daftari: huandikwa polepole zaidi, lakini yaliyoandikwa hubaki hata kitabu kikifungwa. Tofauti kubwa ya ubao huu na ule wa shuleni ni kwamba ubao wa tarakilishi hujifuta wenyewe mara tu umeme unapokatika.

Mashine ina aina mbili za kulala. Aina ya kwanza ni ule usingizi mwepesi: kioo huzimika, mashine hunyamaza, lakini ubao huendelea kupewa umeme kidogo ili usifutike. Ukiigusa, huamka papo hapo. Betri ikiisha kabla hujaigusa, yote yamekwenda arijojo. Aina ya pili ni usingizi mzito. Hapo mashine hunakili yaliyomo ubaoni, huyaandika yote katika faili moja ndani ya daftari, kisha hujizima kabisa wala haihitaji umeme hata chembe. Kesho yake ukiiwasha hulifungua faili lile, huyarudisha maandishi ubaoni kama yalivyokuwa, nawe huendelea pale pale ulipoachia. Faili hilo ndilo chanzo cha mjadala wetu.

Hapa naomba ruhusa ya kusema kidogo kama mwanaisimu. Neno ambalo Waingereza wameupa usingizi huu mzito limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya majira ya baridi kali, majira ambayo wanyama fulani wa Ulaya hujificha shimoni na kulala hadi jua lirudi. Sisi wa chini ya Mlima Kenya tunaijua baridi. Tuna msimu tunaouita gathano, ambao ukungu hushuka hadi mlangoni. Lakini katika msimu huo hatulali. Chai huchumwa, ng'ombe hukamwa, watoto huenda shule. Mtu wa Tetu akikutana na neno lile la Kiingereza kwenye kioo cha tarakilishi, hakuna chochote katika maisha yake kinachomsaidia kulifasiri. Anaona tu kwamba liko karibu na neno la kuzima, naye hukisia.

Ushahidi wa kwamba dhana haijaingia ni huu: watu wetu hawajaipa jina. Wamelipata neno "kusevu", wamelipata "kuprinti", wamelipata "kuchaji", na hata shangazi anayeuza viazi sokoni hutumia maneno hayo bila kusita. Dhana ikishaeleweka na watu, jina hupatikana, hata kama ni jina la mitaani ambalo walimu wa sarufi hawalipendi. Usingizi mzito wa tarakilishi hauna jina sokoni, haulina kwenye saiba, wala haulina katika mabweni ya vyuo. Maadam hauna jina, hauelezwi. Na maadam hauelezwi, uvumi huchukua nafasi ya maelezo.

Kiswahili hakikosi cha kusaidia. Watu wa pwani wana samaki aitwaye pono, anayesifika kwa kulala, na hata sisi wa bara tulifundishwa shuleni kwamba mtu aliyelala fofofo amelala usingizi wa pono. Kwa upande wa Ziwa Victoria yuko kamongo, samaki ambaye maji yakikauka hujizika katika matope, hupunguza pumzi na kusubiri mvua. Kamongo, kwa maoni yangu, anaifafanua dhana hii vizuri kuliko mnyama yeyote wa Ulaya: halali kwa uvivu, hulala kwa sababu kile kinachompa uhai kimekatika, na huamka kinaporudi. Iwe tutasema usingizi wa pono au usingizi wa kamongo, msikilizaji atakuwa amepata pa kushika. Katika makala haya nitatumia usingizi wa pono, kwa kuwa ndio uliozoeleka zaidi katika maandishi.

Sasa turudi kwenye shauri la flashi. Katika Windows, faili la usingizi wa pono huitwa hiberfil.sys. Hufichwa, na hukaa katika ngazi ya juu kabisa ya diski ambayo mfumo wenyewe umewekwa. Ukubwa wake hutegemea ukubwa wa ubao. Katika Windows 10, ukubwa wa kawaida ni asilimia 40 ya kumbukumbu ya muda. Katika Windows 7 ulikuwa asilimia 75. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 basi huweka kando takriban gigabaiti 3.2 kwa ajili ya faili hilo. Kwa mwenye diski ya gigabaiti 32, hiyo ni sehemu moja ya kumi, na simlaumu akiitamani.

Lakini Windows haitoi njia ya kulihamishia faili hilo kwenye diski nyingine, sembuse flashi. Liko faili jingine kubwa ambalo mfumo hulitumia kama ubao wa akiba, na hilo huweza kuhamishiwa kwenye diski nyingine ya ndani. Vijana wengi husikia habari za hilo, wakadhani kwamba haya mawili ni ndugu. Si ndugu. Faili la ubao wa akiba hutumika mfumo ukiwa macho, viungo vyote vikifanya kazi. Faili la usingizi wa pono husomwa wakati mfumo mzima umelala.

Hebu tufikirie kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Wakati huo Windows yenyewe haijaamka. Iko programu ndogo tu, mithili ya bawabu wa usiku, ambayo kazi yake ni kutazama kama kuna faili la usingizi, kulisoma na kuyarudisha yaliyomo ubaoni. Bawabu huyu hana elimu kubwa. Hajui kuzungumza na kila kifaa kilichochomekwa ubavuni mwa mashine, kwa sababu programu za kuviendesha vifaa hivyo ni sehemu ya mfumo uliolala; zimo ndani ya lile faili analotakiwa kulifungua. Ukiliweka faili hilo katika kifaa kinachohitaji programu hizo ili kisomeke, umefanana na mtu aliyefunga sanduku kwa kufuli, kisha akautia ufunguo ndani ya sanduku lilo hilo. Ndiyo maana watengenezaji wameamua likae mahali pamoja tu, mahali ambapo bawabu amekwisha kufika ili aianze kazi yake.

Atatokea msomaji aniambie kwamba Linux huruhusu. Ni kweli, na ningependa nisimfiche. Mifumo ya Linux huliandika faili la usingizi katika sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya ubao wa akiba, na mwenye mashine huweza kumwambia bawabu sehemu hiyo iko wapi. Fundi hodari anaweza kuielekeza hata kwenye flashi, mradi awe amempa bawabu mapema programu za kuisoma. Lakini kuweza kufanya jambo hakulifanyi kuwa jambo la busara. Tuseme umeilaza mashine, flashi ikachomolewa na mtoto anayetaka kunakili nyimbo. Asubuhi bawabu hatalipata faili. Mashine itaanza upya, na yote ambayo hukuyahifadhi yamepotea. Hilo ndilo tukio lenye nafuu.

Tukio baya zaidi ni hili. Mashine imeanza upya bila flashi, umeitumia asubuhi nzima, umefuta faili hizi na kuandika zile. Jioni unaichomeka flashi, na mashine inalikuta lile faili la jana. Likirudishwa ubaoni, mfumo utaamka ukiamini kwamba diski iko kama ilivyokuwa jana, ilhali imebadilika. Utaanza kuandika juu ya mahali unapodhani ni patupu. Huo ni mfano wa mtu aliyezinduka baada ya miaka mingi, akaanza kulima shamba ambalo watoto wake walikwisha kuligawana na kujenga nyumba. Faili huharibika kimyakimya, na uharibifu hujulikana baadaye, wakati ambapo hakuna awezaye kueleza ulianzia wapi.

Tuiangalie sasa flashi yenyewe. Aina ya kumbukumbu inayotumiwa humo ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba mapema katika miaka ya 1980. Inasimuliwa kwamba jina lake lilitokana na mwenzake kazini, ambaye alipoona jinsi data zilivyofutwa kwa mkupuo mmoja alikumbuka mmweko wa taa ya kamera. Katika orodha za msamiati zinazosambazwa kwenye simu zetu imepewa jina la diski mweko, na nadhani aliyelitunga hakukosea. Flashi za kuchomeka tunazozijua ziliingia sokoni mwaka 2000, nazo zimekuwa baraka kubwa kwa watu wasio na mtandao wa kutegemewa nyumbani.

Lakini mmweko huo una gharama. Kila chembe ya kumbukumbu hiyo huweza kufutwa na kuandikwa upya kwa hesabu yenye kikomo kabla ya kuchakaa, na katika flashi za bei ya chini kikomo hicho hufika mapema. Diski za kisasa za ndani hutumia chembe za jamaa moja na hizo, ila zina msimamizi mwerevu anayeigawa kazi ili sehemu moja isichakae kabla ya nyingine. Flashi ya bei nafuu inayouzwa kando ya steji ya matatu aghalabu haina msimamizi wa aina hiyo. Ukiiandikia gigabaiti 3 kila jioni, unaichosha kwa kazi ambayo haikuumbiwa.

Kasi nayo ni tatizo. Tuseme flashi yako huandika megabaiti 10 kwa sekunde, kiwango ambacho si haba kwa flashi za kawaida. Gigabaiti 3.2 zitachukua sekunde 320, yaani zaidi ya dakika tano. Ikiwa betri yako imebakiwa na dakika mbili za uhai, usingizi huo hautakamilika. Yaani mashine itafia njiani ikiwa inaandika wosia. Fauka ya hayo, flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa zamani usiokubali faili moja lizidi gigabaiti 4. Mwenye mashine ya kumbukumbu kubwa hataweza hata kuanza.

Nimelibakiza kwa makusudi jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo, nalo ni siri. Kumbuka ule mfano wa ubao. Mashine inapolala usingizi wa pono hainakili insha yako peke yake. Hunakili ubao mzima, pamoja na vile vijiandishi vya pembeni ambavyo mwalimu alisahau kuvifuta: barua uliyokuwa ukiisoma, nambari ya kitambulisho uliyoijaza katika fomu, picha uliyofungua na kuifunga, na huenda hata nywila zako na funguo za kufungulia faili ulizodhani umezifungia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani walionyesha kwamba hata baada ya umeme kukatwa, yaliyomo katika kumbukumbu ya muda hubaki kwa sekunde kadhaa na pengine kwa dakika, kiasi cha kumwezesha mtu mwenye ujuzi kuzitoa funguo za siri. Hao iliwabidi wafanye haraka. Anayelipata faili la usingizi halazimiki kufanya haraka. Ana usiku kucha. Wachunguzi wa makosa ya jinai hulitafuta faili hili makusudi, kwa kuwa hueleza mengi ambayo mwenye mashine hakuwahi kuyahifadhi.

Sasa lifikirie faili hilo likiwa katika flashi iliyoning'inia kwenye mnyororo wa funguo. Flashi husahauliwa kwenye kiti cha matatu. Huazimwa na rafiki. Huchomekwa katika mashine za saiba, halafu ikaachwa hapo. Hakuna kitu kidogo kinachopotea kwa urahisi kama hicho, na hakuna anayetangaza kwamba ameipoteza kwa kuwa bei yake haimpi uchungu.

Nazungumzia saiba kwa sababu ndiko madhara yanakoweza kuwa makubwa. Katika miji midogo kama Wamagana, saiba ni ofisi ya umma isiyo na kibao cha serikali. Mkulima wa kahawa asiye na tarakilishi huenda huko kujaza taarifa ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Mzazi huenda kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kupitia eCitizen. Mwanafunzi huenda kutuma maombi ya mkopo wa masomo. Wote humtajia kijana aliyeketi mbele ya mashine nambari zao, nywila zao na majina ya watoto wao, nao hufanya hivyo kwa kumwamini. Kijana huyo akilifunga duka saa mbili usiku kwa kuilaza mashine usingizi wa pono bila kufunga kurasa, ubao wenye siri za mchana kutwa hunakiliwa. Ukiwa ndani ya mashine, iliyo ndani ya duka lenye kufuli, angalau kuna milango miwili. Ukiwa katika flashi hakuna hata mmoja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia habari za watu azilinde, na siri hizo zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe katika muda wa saa 72. Sijui ni wenye saiba wangapi wanaofikiri kwamba sheria hiyo inawahusu wao pia, wakiwa na mashine mbili na printa moja katika chumba cha mabati. Inawahusu. Mkulima aliyemtajia kijana nywila yake hana kinga nyingine.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba naichukia flashi. Flashi ni kifaa chema kikifanyishwa kazi inayokifaa. Microsoft yenyewe, ilipotoa Windows Vista mwaka 2007, iliweka huduma iliyoiwezesha flashi kuusaidia mfumo kwa kuweka nakala za data zinazosomwa mara kwa mara. Lakini tazama walivyojihadhari: kila kilichoandikwa katika flashi kilifichwa kwa msimbo, na nakala yake ilibaki katika diski ya ndani, hivi kwamba flashi ikichomolewa ghafla hakikupotea kitu wala siri haikutoka. Hao walijua kwamba kifaa kinachochomoka hakifai kuaminiwa na kitu ambacho hakipo kwingine. Sioni kwa nini sisi tuwe jasiri kuwaliko.

Basi mwenye diski iliyojaa afanye nini? Kwanza, ahamishe vile ambavyo kukosekana kwake hakuizuii mashine kuamka: picha za harusi, filamu, rekodi za mihadhara, majalada ya mwaka uliopita. Hiyo ndiyo kazi ya flashi, na kama vitu hivyo ni vya thamani, viwekwe mahali pawili. Pili, ikiwa hautumii kabisa usingizi wa pono, uondoe. Katika Windows, mtu aliyefungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi huandika powercfg /h off, na faili hilo huondoka lote, nafasi ikarudi papo hapo. Akijuta, huandika on mahali pa off. Ajue tu kwamba mashine yake itachelewa kidogo kuwaka, kwani tangu Windows 8 ya mwaka 2012 faili hilo hutumiwa pia kuharakisha uwashaji. Huku ni kuliondoa faili kwa amri inayostahili, wala si kulitoroshea mfukoni.

Tatu, anayeuhitaji usingizi huo kwa sababu ya umeme unaokatikakatika aulinde kwa kuitibu betri. Betri inayompa dakika kumi inatosha kuilaza mashine salama katika diski ya ndani. Mwenye saiba anayetumia tarakilishi za mezani anunue kile kifaa cha akiba ya umeme, ambacho humpa muda wa kuhifadhi na kuzima bila papara. Nne, pale mashine inaporuhusu, diski nzima ifichwe kwa msimbo. Faili la usingizi likiwamo ndani yake litakuwa limefichwa pia. Tano, na hili halihitaji shilingi, kazi ihifadhiwe kila baada ya aya. Usingizi wa pono hauhifadhi kazi yako kwa niaba yako; huahirisha tu hatari ya kuipoteza.

Nimeyaeleza haya yote kwa Kiswahili, na msomaji ataona kwamba hapakuwa na lolote lililonishinda kulisema. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwa wenzangu wa vyuo vikuu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu za sayansi na za isimu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walizindua Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa lugha hii. Ni kazi njema zilizofanywa na watu wachache. Lakini kutafsiri majina ya vitufe hakutoshi. Mtu anaweza kukisoma kitufe kwa Kiswahili sanifu asijue kitatenda nini akikibonyeza. Kinachokosekana ni maelezo: karatasi moja, mbili, zenye mifano ya ubao na daftari, zinazomweleza mtu wa Wamagana kwamba mashine yake ina kulala namna hii na kulala namna ile, na tofauti yake ni hii.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tunavyo vyuo vinavyofundisha tarakilishi karibu nasi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapa hapa Nyeri, na nina hakika hakuna mwalimu humo asiyeyajua niliyoyaeleza. Lakini ujuzi ule hutolewa kwa Kiingereza darasani, huzungumzwa kwa Kikuyu mezani, na kufikia saiba ukiwa umegeuka uvumi. Kila idara inayofundisha somo hili iwatake wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho waandike, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukurasa mmoja kuhusu jambo moja ambalo watu wa kwao hulikosea. Kurasa hizo zibandikwe katika saiba. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Hadi siku hiyo ifike, kijana anayeshauriwa alihamishe faili la usingizi kwenye flashi amuulize mshauri wake swali moja tu: mashine ikiamka usiku wa manane na flashi haipo, nani atamwambia ilikuwa ikifanya nini? Kuuliza si ujinga. Flashi na ibebe nakala za kazi zetu, na usingizi wa mashine ubaki ndani ya mashine.